Majibu ya vipimo vya mifupa: mimi na pacha tumewekewa nyota, baba yao hana. Nani wa kuhofiwa?

mama_pacha

Wadau salaam. Naombeni mnisomee majibu haya, maana nimeyakunja na kuyakunjua mpaka karatasi imeanza kuchanika.

Mama yangu mzazi alivunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni. Hakuanguka kutoka juu ya kitu, aliteleza akakaa chini, basi. Daktari akasema mifupa yake imekwisha nguvu na watoto wake tujiangalie mapema. Mimi nikaona kama ni kupima, tupime nyumba nzima. Tukachukua kifurushi cha vipimo vya mifupa kwenye damu. Wote tumepewa karatasi za aina moja, na ile safu ya "kiwango cha kawaida" haibadiliki hata kidogo, iwe karatasi ya mtoto au ya baba.

Mimi nina miaka 53, hedhi ilikoma kama mwaka mmoja na nusu uliopita. CTX yangu ni nanogramu 0.78 kwa mililita, na ina nyota kwa sababu wameandika mwisho ni 0.573. P1NP ni mikrogramu 68 kwa lita, haina nyota, kwa kuwa wanataka iwe chini ya 76.

Pacha wangu ni wa kiume na wa kike, miaka 14. Wao wamepimwa ALP na kalisiamu. Kalisiamu zao ziko sawa. ALP ya wa kiume ni 396, nyota mbili. Ya wa kike 148, nyota moja. Kawaida iliyoandikwa ni 40 hadi 129.

Baba yao ana miaka 59. CTX 0.31, P1NP 17. Hana nyota hata moja, na tangu siku hiyo hapa ndani hatupumui kwa majigambo. Eti mifupa ya ukoo wao haijui kuvunjika.

Nimesoma mtandaoni kwamba ALP ikipanda ni ini au saratani ya mifupa, usiku huo sikulala. Halafu hawa watoto wamezaliwa siku moja na wanakula chungu kimoja. Inakuwaje mmoja awe na zaidi ya mara mbili na nusu ya mwenzake? Na mimi, hii 0.78 ndiyo njia aliyopita mama?

---

Siti_Wodini

Pole na hofu, dada. Mimi ni muuguzi. Watoto wanaokua ALP yao huwa juu, hilo tunaliona kila siku, kwa hiyo la pacha liondoe moyoni. Na wewe kwa umri wako na hali yako ya hedhi, 0.78 ni kawaida. Maabara imekutisha bure. Kunywa maziwa, tembea, maisha yaendelee.

---

ZamuYaUsiku

Mama Pacha, mimi niko maabara, upande wa kemia ya damu, na hizi nyota zimenichosha kuliko zamu zenyewe. Nyota haiwekwi na mtu aliyekutazama. Ni programu inayolinganisha namba yako na namba mbili zilizoingizwa kwenye mfumo. Aliyeziingiza asipogawa kwa umri na jinsia, mtoto wa miaka 14 anapimwa kwa kipimo cha mwanamume mzima, na mama wa miaka 53 anapimwa kwa kipimo cha nani? Angalia hiyo 0.573. Hiyo ni namba ya wanawake ambao bado wanaona hedhi. Naifahamu kwa sababu kitendanishi (dawa ya kupimia) kimoja cha CTX kinachotumika sana huja na jedwali lake, na mistari yake ni mitano. Wanawake wa hedhi mwisho wao 0.573, waliokoma hedhi 1.008. Wanaume wa miaka 30 hadi 50 ni 0.584, wa 50 hadi 70 ni 0.704, waliopita 70 ni 0.854. Maabara yenu ilichukua mstari mmoja kati ya mitano ikawavisha wote.

Kwa nini mistari iwe mitano? Mfupa ni nyumba isiyoisha ukarabati. Kuna seli za kubomoa, osteoklasti, na za kujenga, osteoblasti, na kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. CTX ni vifusi vya ubomoaji: vipande vya kolajeni ya zamani, ile protini ya mfupa, vinavyoingia kwenye damu. P1NP ni kipande kinachokatwa kwenye kolajeni mpya wakati inawekwa, kwa hiyo yenyewe inaonyesha ujenzi. ALP nayo ni kimeng'enya kinachotoka kwa wajenzi, ila ini pia lina yake. Kwa mtu mzima mwenye afya ALP ya damuni ni karibu nusu ya ini na nusu ya mfupa. Kwa mtoto anayerefuka, sehemu kubwa ni ya mfupa.

Sasa pacha. Kanada kuna mradi unaitwa CALIPER, uliopima damu za maelfu ya watoto wenye afya ili maabara zipate viwango vya watoto badala ya kuazima vya wakubwa. Kwa miaka 13 na 14, ALP ya mvulana ni 116 hadi 468. Ya msichana wa umri huohuo ni 57 hadi 254. Mwanao na 396 yake yumo ndani, binti na 148 yake yumo ndani. Subiri wafike 15 na 16: wavulana 82 hadi 331, wasichana 50 hadi 117. Yaani katika umri huo kiwango cha juu cha msichana ni karibu theluthi tu ya kile cha mvulana, na wote ni wazima wa afya.

Sababu ni kwamba hawakuanza mbio pamoja. Wasichana hurefuka mapema, na kilele cha mifupa yao hupita kabla au karibu na hedhi ya kwanza. Baada ya hapo homoni ya estrojeni huanza kufunga zile sehemu za ukuaji zilizo kwenye ncha za mifupa mirefu, na namba zinashuka haraka. Mvulana huchelewa kama miaka miwili, kisha hupanda juu zaidi na kukaa huko muda mrefu zaidi. Naweza kubashiri kwamba binti yako alishaanza hedhi siku nyingi, na kaka yake sasa hivi suruali zinampanda vifundoni. Ungewapima wakiwa na miaka 11, huenda binti ndiye angekuwa juu. Na ukitaka kulimaliza la ini kabisa, kipo kipimo kinaitwa GGT. Ini likisumbua njia za nyongo, GGT hupanda pamoja na ALP. Mfupa hauihusu GGT hata kidogo.

Siku hizi hata wazazi wa watoto wachanga huja na hofu hiyo. Kuna watoto wa chini ya miaka 5 ambao ALP hupanda ghafla mara kadhaa ya kiwango, mtoto anacheza, hana homa, hana chochote, na baada ya wiki au miezi michache inarudi yenyewe. Anayeijua hali hiyo anarudia kipimo baadaye. Asiyeijua anamzungusha mtoto kwenye mashine zote.

Baada ya ukuaji kwisha namba hushuka, lakini si kwa pamoja. Mwanamume wa miaka 20 na kitu huwa juu ya mwanamke wa umri wake, kwa sababu yeye bado anajaza mfupa. Mwanamke hufika chini kabisa kwenye miaka ya 30 hadi 40 na kidogo. Ndiyo maana viwango vya wanawake wa hedhi hupendwa kuchukuliwa kwao, ni kipindi kilichotulia. Halafu hedhi inakoma, estrojeni inaondoka, wabomoaji wanaongezeka na wanaishi muda mrefu zaidi. Ndani ya miaka michache CTX inaweza kukaribia mara mbili ya ilivyokuwa. P1NP nayo hupanda, ila si kwa kiasi hicho, na hiyo tofauti ndiyo mfupa unaopotea. Mwanamume hana mpando wa ghafla namna hiyo. Yeye hushuka polepole mpaka miaka ya 50 au 60, kisha baada ya 70 anaanza kupanda kidogo.

Kwa hiyo 0.78 yako inasema hedhi imekoma, jambo ambalo ulikuwa unalijua. Kama inasema zaidi ya hapo, nitarudi.

Ninayemtaka ni baba pacha. Damu yake ilitolewa saa ngapi? Alikuwa amekula? Anatumia dawa gani kila siku? Hiyo 17 imenisimamisha.

---

mama_pacha

Mungu akubariki, nimesoma jibu lako mara mbili. Binti alianza hedhi akiwa na miaka 12, na kaka yake tumemnunulia viatu vipya juzijuzi na vimeshambana. Umewaona bila kuwaona.

Mimi na watoto tulitoa damu saa mbili asubuhi hatujala. Yeye alipitia akitoka kazini, saa tisa alasiri, na mchana alikuwa amekula vizuri tu. Dawa: ana ya presha, na ana prednisoloni miligramu 10 kila siku kwa ajili ya baridi yabisi, tangu mwaka juzi. Hajawahi kuvunjika. Mgongo humuuma akiinama, lakini nani wa umri wake haumwi mgongo?

Kwani 17 ina ubaya gani? Si wanataka iwe chini ya 76?

---

Kijana_Mkavu

Mimi naona mnamtafutia mtu mzima ugonjwa. Mifupa kuisha ni mambo ya akina mama, estrojeni ni homoni yao. Mwanaume ana testosteroni, kwake hiyo kitu inahusu nini? Vipimo vingine ni biashara tu.

---

MzeeWaPingili

Kijana, nina miaka 76 na nimefupika sentimita 6 tangu nilipopimwa kimo kwa ajili ya kazi ujanani. Sikuwa mama wa mtu.

Pingili ya kwanza ya mgongo ilibonyea nilipoinua ndoo ya maji. Nikapewa dawa ya maumivu na kuambiwa ni misuli. Ya pili ilibonyea nikikohoa. Ndipo daktari mmoja kijana akaagiza picha ya mgongo, na baadaye kipimo cha DXA cha kupima wingi wa mfupa, kile cha kulala kitandani mashine ipite juu. Alama yangu ikasoma −3.1. Kuanzia −2.5 kushuka chini ndipo wanapoita osteoporosisi, yaani mifupa kuisha nguvu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewaza mifupa, kwa sababu mimi ni mwanamume.

Sasa sikilizeni jambo linalohusu mada. Nilipimwa pia CTX asubuhi, tumbo tupu, ikasoma 0.79. Kwenye karatasi yangu ilikuwa sawasawa, kwa sababu ya umri wangu mwisho ni huo 0.854 aliousema mtaalamu hapo juu. Mifupa imebonyea mara mbili na karatasi inasema kawaida! Nilimuuliza yule daktari, akaniambia kwamba wazee wengi waliopimwa ili kupata hiyo "kawaida" nao mifupa yao inapotea kama yangu. Wanaitwa wenye afya kwa sababu hawajavunjika bado.

Nilipewa dripu ya asidi ya zoledroniki, dawa ya kuzuia ubomoaji wa mfupa, mara moja kwa mwaka. Baada ya miezi michache CTX ikashuka hadi 0.18. Daktari akafurahi, na mimi nikafurahi kwa kuwa yeye kafurahi. Maumivu yalichukua muda wake.

Mama Pacha, mpeleke baba watoto akapimwe kimo kwanza. Ni bure.

---

ZamuYaUsiku

Mzee shikamoo. Umenirahisishia kazi.

Nianze na Kijana_Mkavu, kwa sababu swali lake ni zuri hata kama amelirusha kwa ubishi. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani waliripoti habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye testosteroni yake haikuwa na tatizo, ila vipokezi vyake vya estrojeni vilikuwa havifanyi kazi kwa hitilafu ya kurithi. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka. Umri wa mifupa yake ulisoma miaka 15, maana zile ncha hazijafunga, na mifupa yenyewe ilikuwa dhaifu. Tangu hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema estrojeni ni ya wanawake peke yao. Mwili wa mwanamume hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na hiyo ndiyo inayowashika mkono wabomoaji wasizidi. Mwanamume hazuiliwi kuvunjika. Anachelewa, na akivunjika nyonga, wanaume hufa zaidi ya wanawake katika mwaka unaofuata.

Sasa baba pacha. CTX yake 0.31 msiihesabu. CTX hupanda usiku, hufika juu alfajiri, na huwa chini kabisa mchana hadi alasiri. Ukiongeza chakula inashuka tena, inaweza kupoteza theluthi au zaidi. Saa tisa alasiri baada ya mlo ni wakati mzuri kuliko yote wa kupata CTX ya kujivunia. Angepimwa saa mbili asubuhi kama wewe, huenda majigambo yangepungua. Kwa kulinganisha 0.31 yake na 0.78 yako mmelinganisha mambo matatu kwa pamoja: jinsia, hedhi na saa ya ukutani.

P1NP ni tofauti. Haijali sana chakula wala saa, kwa hiyo 17 yake ni namba ya kuaminika, na kwa mwanamume wa miaka 59 iko chini mno kuliko wenzake wengi. Kwa nini haina nyota? Kwa sababu kwenye mfumo wao wameandika "chini ya 76" wakaacha. Hakuna sakafu. Programu isiyo na sakafu haiwezi kuona mtu aliyezama.

Na prednisoloni ndiyo huzamisha. Huwapiga wajenzi: P1NP na osteokalsini, alama nyingine ya ujenzi, hushuka ndani ya siku chache tangu dozi ianze. Mfupa hupotea kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, na hatari ya kuvunjika huanza kupanda hata kabla DXA haijaonyesha mengi. Miongozo inataka mtu mzima yeyote atakayetumia prednisoloni miligramu 2.5 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi, apimwe hatari ya kuvunjika. Yeye anameza 10, tangu mwaka juzi, ana miaka 59, na mgongo unauma akiinama. Katika nyumba yenu wenye nyota wanaeleweka wote. Mimi ningeanza na asiye na nyota.

Siti, samahani dada yangu, kuna mahali sikubaliani nawe. Ni kweli 0.78 ya Mama Pacha imo ndani ya kiwango cha waliokoma hedhi. Lakini alichosema Mzee kinamhusu pia. Kiwango hicho ni picha ya walivyo wengi, na wengi katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi wanapoteza mfupa. Ndiyo maana mtu akianza dawa, daktari hatafuti CTX irudi kwenye "kawaida ya umri wake". Anataka ishuke mpaka ilivyo kwa wanawake wa hedhi, tena nusu ya chini ya kiwango chao. Kipimo kilekile, mistari miwili, kila mmoja na kazi yake: mmoja wa kuuliza kama kuna kitu cha ajabu kinachoendelea, mwingine wa kuuliza kama dawa inafanya kazi.

---

Siti_Wodini

Hapo kwenye sakafu ya P1NP umenifundisha, nakiri tulivyozoea wodini tunatazama nyota tu na kupita.

Ila nami nitie neno, maana nawajua watu wa mtandaoni. Mama Pacha, mumeo ASIACHE prednisoloni kwa kusoma hapa. Mwili uliozoea dawa hiyo ukiinyang'anywa ghafla mtu anaweza kuanguka, presha ikashuka, akafikia hatua ya kupoteza maisha. Aende kwa daktari aliyemwandikia, amuulize mambo mawili: dozi inaweza kupunguzwa taratibu, na mifupa yake inalindwaje?

La pili, hakuna anayetibiwa osteoporosisi kwa CTX peke yake. Namba hizi hazikwambii una mfupa kiasi gani, zinakwambia unavyobadilika sasa hivi. Wewe mwenyewe una mama aliyevunjika nyonga, na hicho ni kigezo kikubwa kuliko hiyo 0.78. Omba DXA. Pima vitamini D pia, kwa sababu ikipungua sana ALP ya mtu mzima hupanda na mifupa huwa laini, na hilo dawa yake ni nyingine kabisa. Na figo. CTX hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikichoka hujikusanya kwenye damu na kukutisha bure.

---

mama_pacha

Majigambo yameisha. Nimemsomea yote, kwanza alicheka, ilipofika kwa Mzee na ndoo ya maji akanyamaza. Tumempima kimo ukutani, na kitambulisho chake cha zamani kinasema sentimita 174. Tumepata 171. Amekubali kwenda.

Maswali ya mwisho. Je, nirudie CTX yangu mwezi ujao nione inaelekea wapi? Na mama yangu, yule aliyevunjika, naye apimwe sasa hivi?

---

MzeeWaPingili

Sentimita tatu ni za kumwonyesha daktari, mwanangu. Mwambie aagize picha ya mgongo kwa ubavuni. Mimi yangu ingepigwa mapema, hata ile ndoo nisingeinua.

---

ZamuYaUsiku

Usirudie mwezi ujao. CTX ya mtu yuleyule, maabara ileile, huchezacheza siku hadi siku. Tofauti isiyofika kama robo au asilimia 30 usiihesabu kuwa mabadiliko. Ukiona 0.70 utafurahi bure, ukiona 0.86 utalia bure. Kipimo hiki kina maana mtu anapoanza dawa: unapima kabla, unapima tena baada ya miezi 3 kwa CTX, au 3 hadi 6 kwa P1NP. Isiposhuka, swali la kwanza ni kama dawa inamezwa, tena inamezwa ipasavyo. Alendroneti, kidonge cha kuzuia ubomoaji, kwa mfano, inatakiwa asubuhi tumbo tupu na maji matupu, na usilale wala usile kwa nusu saa. Ukiimeza na chai, CTX itakusema. Na kuna zile dawa za kujenga, kama teriparataidi. Hizo P1NP hupanda, na kupanda huko ndiyo habari njema, hata kama programu itakupamba kwa nyota tatu.

Bibi wa pacha: kwa kipimo hiki amechelewa na amewahi. Mfupa uliovunjika unapojiunga, namba zote hupanda, na zinaweza kukaa juu miezi 6 hata mwaka. Ukimpima sasa hutajua unachoona ni uzee au ni jeraha. Yeye ameshavunjika nyonga kwa kuteleza, hahitaji CTX kumthibitishia kitu. Anahitaji matibabu, na kama hajaanza, ulizeni kwa nini.

Mkirudi kupima, mwende pamoja, maabara ileile, kati ya saa moja na nusu na saa nne asubuhi, bila kula tangu usiku. Msibadili maabara katikati, kwa sababu CTX ya kampuni moja na ya nyingine hazilingani hata kwa damu ya mkono mmoja. Kwenye fomu ya mumeo andikeni umri, jinsia, saa damu ilipotolewa, na "prednisoloni 10 kila siku". Kwenye yako andika umri na lini uliona hedhi ya mwisho. Fomu nyingi hazina nafasi ya hayo. Andikeni pembeni kwa herufi kubwa, anayepokea sampuli husoma pembeni.